Badilisha Zote

Fundi wa majokofu alikuwa na riwaya. Watu wengine wana kisukari, wengine wana vidonda vya tumbo, yeye alikuwa na riwaya, na kama maradhi hayo, iliwasumbua zaidi watu wa nyumbani. Aliiandika karakanani, katikati ya jokofu lililofunguliwa mgongo na jingine linalosubiri gesi, na kwa kuwa laptopu yake ilipenda kuzima bila kuaga, kila ukurasa aliuandika angalau mara mbili. Kazi ilikwenda, lakini kwa kujikongoja. Mwaka mmoja mpelelezi wake alikaa amechuchumaa nyuma ya pipa tangu mvua za kwanza mpaka za pili, kwa sababu mwandishi hakujua amtoe vipi.

Hatimaye akamtoa. Riwaya ikaisha, na mkewe akapewa heshima ya kuwa msomaji wa kwanza.

Mkewe alikuwa muuguzi, mtu aliyezoea kusoma mwandiko wa madaktari bila kulalamika. Alijinyoosha kwenye kochi siku yake ya mapumziko, akasoma, akacheka palipostahili na mara mbili tatu pasipostahili. Alipofika pale anapoingia kiongozi wa genge la magendo ya sukari, aliinuka akakaa.

"Huyu ni baba," alisema.

Fundi akasema si baba hata kidogo. Baba alikuwa bwana afya mstaafu, huyu ni jambazi. Wapi na wapi?

"Ana kofia ya baba. Anakohoa kabla ya kusema, kama baba. Anapitisha kidole juu ya kabati la watu kutafuta vumbi. Na umemwita Mzee Kali."

"Wazee wakali wako wengi."

"Anayeitwa Mzee Kali mji mzima ni mmoja, na ndiye aliyenizaa."

Hilo lilikuwa kweli. Enzi za kazi yake, baba mkwe aliwahi kufunga hoteli kwa sababu ya nzi mmoja, na nzi mwenyewe, walisema wapishi, alikuwa anapita tu. Siku fundi alipokwenda kuposa, mzee alimkagua kucha kabla hajamkaribisha kiti. Na mwaka juzi alipokuta unywele kwenye kikombe chake nyumbani kwa fundi, alivaa kofia akaondoka, asikanyage tena kwa miezi mingi. Muuguzi ndiye aliyekwenda na kurudi kati ya nyumba hizo mbili, akiibeba amani kama trei ya mayai.

Kwa hiyo alimweleza mumewe bila kuzungukazunguka. Baba anasoma kila kitu, mpaka maandishi ya kwenye pakiti za dawa, na hiki atakisoma. Akijikuta humo anachinja watu, hatakuja tena, na safari hii muuguzi habebi trei ya mtu. Jina litoke, au kitabu kisitoke.

Mpiga chapa alikuwa na chumba kimoja, mashine moja, na kijiti cha meno ambacho hakikutoka mdomoni hata akipokea simu. Alisema hilo jambo dogo. Kwenye kompyuta unaandika neno la zamani hapa, jipya pale, unabonyeza "badilisha zote", unakwenda kunywa chai. Fundi akafikiri kidogo, akachagua Pole. Mzee Pole. Hakuna binadamu aliyewahi kumfikiria baba mkwe wake na neno hilo siku moja, na kwa hiyo ushahidi ulikuwa umefichwa mahali salama.

Alibonyeza. Kompyuta ikawaza, kisha ikatangaza kwamba imebadilisha mahali kadhaa, na hicho kadhaa kilikuwa kirefu kama namba ya simu. Fundi alifurahi. Hakujua kwamba jambazi wake alikuwa ametapakaa kiasi hicho. Kumbe ndio uandishi.

Mpiga chapa akauliza kama angependa kuupitia mswada kwa mara ya mwisho. Fundi akamjibu kwamba ameshaupitia mpaka akiuona tu anasikia kichefuchefu. Piga chapa.

Maboksi yalipofika, yalipangwa sebuleni yakawa meza. Picha ya mwandishi nyuma ya kitabu ilikuwa imepigwa kwenye studio ya paspoti, hivyo alionekana kama mtu anayetafutwa. Mengine yote yalimpendeza. Nakala ya kwanza alimpelekea baba mkwe mwenyewe, kwa mikono miwili, na uso wa mtu asiye na hatia.

Wa kwanza kurudi na maoni alikuwa mwenye saluni jirani na karakana. Aliingia akifuta machozi kwa kanga ya begani. "Fundi, mbavu zangu," alisema. "Wewe mtu wa vichekesho, siku zote umejificha humu na majokofu."

Fundi akamkumbusha, kwa adabu, kwamba kitabu hicho kina maiti tatu.

"Ndiyo, na zote zimeuawa kwa kisu kipole."

Alipoondoka, fundi alifungua kitabu chake kwa mara ya kwanza tangu kizaliwe. *Jua pole lilikuwa likiunguza mabati.* Hilo alilisamehe, akadhani ni ushairi. Mstari wa pili: *Mbwa mpole alimrukia akamrarua suruali.* Ukurasa uliofuata mpelelezi *apolewasha gari* akakimbia. Mfanyabiashara wa kigeni alifuatana na *mpolemani* wake. Na mwishoni, pale alipotaka wasomaji wasisimkwe mpaka visogoni, shujaa alisimama mvuani *apolepiza kisasi.*

Kompyuta haikuwa imeulizwa kama Kali ni jina la mtu. Ilipewa herufi nne, ikazifukua kila zilikojificha: kwenye mkali na kikali, kwenye mkalimani, kwenye akaliwasha na akalipiza. Hakuna kitenzi kilichosalimika.

Mkewe aliposomewa alicheka mpaka akakalia boksi la vitabu, likabonyea. Kisha akakumbuka.

"Baba anacho," alisema.

Hawakusubiri sana. Mzee alipiga simu, akakohoa, akasema mkwe aje, peke yake. Muuguzi alimpa mumewe shati safi na kikata kucha.

Baba mkwe alikuwa ameketi mezani, kitabu mbele yake, rula ndani ya kitabu, kalamu nyekundu juu ya rula. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi na mama mkwe alisikika akiosha sufuria. Fundi aliamkia, akaitikiwa, akaonyeshwa kiti.

"Nimekisoma mara mbili," mzee alisema.

Mara ya kwanza, alieleza, alidhani binti yake ameolewa na mtu asiyejua kuandika. Lakini kufika hapo pa kupolepiza alishtuka, akachukua kalamu, akajaribu. Ukitoa pole ukaweka kali, kitabu kinanyooka kama reli. Alinyoosha ukurasa mmoja, akanyoosha wa pili, na wa tatu ukamtazama usoni ukiwa umevaa kofia yake.

"Kwa hiyo jambazi ni mimi."

Njia nzima fundi alikuwa amepanga maelezo, na mengine yalikuwa mazuri. Sasa aliyaacha yote.

"Ni wewe, baba."

Jikoni maji yalifungwa. Mzee akakohoa. Akasema watu ameua, sawa, riwaya ni riwaya, lakini sukari ya mtu hajawahi kuigusa. Siku hiyo, aliendelea, alikuwa ameshashika simu amwambie binti yake arudi nyumbani. Halafu akaiweka chini, akasoma tena, safari hii bila kalamu, kama kilivyo.

Alifungua kitabu mahali penye rula. Ni pale ambapo mtaa mzima unafunga madirisha Mzee Pole akipita, *kwa kuogopa upole wake.* Hapo alisoma, akarudia, akarudia. Miaka yote ya kazi, alisema, akitoka kwenye nyumba ya mtu alilisikia lile neno jingine kabla hajafika getini. Wakati mwingine kosa lenyewe lilikuwa nzi tu.

"Hili sijawahi kuliona karibu na jina langu," alisema. "Hata kwa bahati mbaya."

Fundi alimwambia asijali, mswada safi bado upo, kitachapwa upya na jina litabadilishwa kwa mkono, moja baada ya jingine.

"Unakirekebisha ya nini?"

"Watu wanacheka, baba. Ni riwaya ya damu. Miaka mingapi nimeiandika."

"Waache wacheke. Maisha yangu yote watu wakiniona waliacha kucheka."

Fundi akamfikiria mpelelezi wake nyuma ya pipa, mvua za kwanza mpaka za pili, magoti yakimuuma, ili mwisho wake awe kichekesho cha saluni. Akasema basi, kitabaki hivyo.

"Ila hapa sijapaelewa," mzee alisema, kidole kikiwa juu ya mstari. "Wanasema nimeketi juu ya gunia la sukari kwa mapoleo yangu yote mawili. Ni nini hayo?"

Fundi alitazama sakafu, ambayo ilikuwa safi sana.

"Ni makalio, baba."

Mzee alichukua kalamu nyekundu akaliandika neno hilo pembeni kwa mwandiko wa ripoti, akapiga mstari chini yake. Kisha akamsukumia kitabu. Mama yao huko jikoni hajasikia hata ukurasa mmoja, alisema. Asome kwa sauti, aanzie pale kwenye mbwa.

Fundi akakohoa, akasoma. "Mzee Pole alikuwa mpole kuliko mbwa wake, na mbwa wake alikuwa mpole kupindukia."

Jikoni kilianguka kifuniko, kikazunguka sakafuni muda mrefu.

"Hiyo sasa ni hadithi ya kubuni," sauti ya mama mkwe ilisema, ikihangaika kupata pumzi. "Mwanangu, una kipaji."

"Endelea," alisema mzee.