Kibiriti Yapita Uchochoroni

Kasuku hakupewa jina hilo bure. Tangu aanze kuuza magari kwenye yadi ya mjomba wake, aliweza kumshika mtu kwa maneno mpaka akasahau kwamba alikuja kuuliza njia tu. Lakini kulikuwa na gari moja lililomshinda: pikapu ndogo nyeupe, ya milango miwili, iliyoachwa pale na mteja aliyeibadilisha kwa kubwa. Waosha magari waliiita Kibiriti.

"Mwanangu, watu wananunua kifua," mjomba alimwambia, akipigapiga boneti ya pikapu kubwa nyeusi. "Mtu akishuka humu, hata jirani aliyemnunia anamsalimu."

Kasuku alikubali kwa mdomo. Moyoni aliona hizo kubwa zinapigwa picha zaidi kuliko zinavyonunuliwa.

Asubuhi moja akaja fundi vioo, mama mfupi mwenye plasta vidoleni. Alikuwa amechoka kukodi mikokoteni, akasema, sasa anataka gari lake la kazi. "Shemeji yangu kaniambia nichukue kubwa, nisije nikachekwa."

Mjomba uso ukamng'aa. Kasuku akauliza, "Mama, leo una kazi? Basi tuijaribu ile kubwa kwa kazi yenyewe."

Fundi alikuwa na vioo viwili vya kupeleka saluni. Mjomba akashika usukani wa ile nyeusi mwenyewe. Gari lile hakumwamini mtu nalo.

Walipofika dukani kwa fundi, sakafu ya bodi ilimfika yule mama kifuani. Kioo cha kwanza kilikuwa kirefu kumshinda, kimefungwa blanketi. Kasuku akapanda juu kuvuta, mjomba akasukuma kutoka chini, na fundi akaazima kreti la soda kwa jirani apate pa kukanyaga.

"Polepole jamani! Kikivunjika hicho, ni changu!"

Barabara kuu ilikuwa raha tupu. Gari liliteleza, fundi akaegemea kiti na kutabasamu, mjomba akamkonyeza Kasuku. Kisha wakafika kwenye uchochoro wa saluni. Kushoto mtaro, kulia ukuta, juu kamba za nguo. Mjomba akakunja vioo vya pembeni, akabana pumzi kana kwamba tumbo lake ndilo lililozidi, akaingia. Katikati wakasikia mlango ukisagwa na ukuta. Mwanamke mmoja akachungulia dirishani, akajikuta uso kwa uso na mjomba.

"Karibu ndani," akamwambia kwa upole, "maana umeshafika sebuleni."

Wakarudi kinyumenyume, wakakibeba kioo mikononi hadi saluni. Mjomba alikuwa ameloa jasho, na mlango wa gari ulikuwa na mkwaruzo mrefu.

"Kimebaki cha pili kule dukani," fundi akasema, kama anayeomba radhi.

"Mjomba, nikalete Kibiriti?"

Mjomba akautazama ule mkwaruzo. "Kalete."

Safari hii fundi hakuhitaji kreti. Alishusha mlango wa nyuma kwa mkono mmoja, akaegemeza ukingo wa kioo kwenye sakafu ya bodi, iliyomfika nyongani, akakisukuma ndani kama mtu anayerudisha sinia kabatini. Uchochoroni shuka zilizoanikwa zilipangusa paa, basi. Wakasimama mlangoni pa saluni.

Fundi hakushuka mara moja. Alikuwa ameshika usukani, maana safari hii aliomba kuendesha yeye.

"Tangu mume wangu aumie mgongo," akasema, "kila kazi naianza kwa kutafuta mtu wa kunishikia upande wa pili. Mara nyingine simpati, na kazi inanipita hivi hivi naitazama. Kwa hili naweza kupakia peke yangu."

Mjomba, aliyekuwa ameshashuka, alisikia. Alijifanya anakagua tairi.

Kesho yake fundi akarudi na mumewe, wakaondoka na Kibiriti. "Mteja mmoja si soko," mjomba akaonya. "Usivimbe kichwa." 

Wiki iliyofuata mwoka mikate aliyepakana na saluni akaja kuulizia gari kama la fundi vioo. Akafuata muuza miche ya maua, amechoka kulipia mafuta ya lori kwa mzigo wa nusu bodi. Muuza magodoro alikuja pia, na huyo Kasuku hakumdanganya: alimwambia ndogo haitamfaa, akamuuzia ile nyeusi, na mkwaruzo wake, kwa punguzo. Mjomba alishangaa kuona wote wameondoka wameridhika, hata wale wawili walioambiwa wasubiri ndogo nyingine ziletwe.

Jioni akampigia wakala anayewaagizia magari. Alimsalimu, akamuulizia watoto na hali ya hewa, akazunguka weee, neno lenyewe likawa halimtoki. Wakala akauliza safari hii amtafutie kubwa za aina gani. Mjomba akakohoa.

"Hebu subiri," akasema, akamnyooshea Kasuku simu. "Ongea naye wewe. Unajua watu wanataka nini."

Hakuna aliyewahi kumpa Kasuku simu ile. Aliishika kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu waanze kazi pamoja, alitafuta maneno yake kwanza. Kisha akavuta kiti cha mjomba, akakaa.

"Shikamoo. Za milango miwili," akaanza, "na bodi ziwe chini."