Ukimya wa Mwalimu Gozbert

Kazi yangu pale chuoni ilikuwa kupotea. Dada Shamsa, binamu yangu, aliwasaidia wahadhiri kutengeneza kurasa za masomo yao mtandaoni, na mimi nilifagia ofisi yake. Siku moja akaniketisha mbele ya kompyuta akaniambia nitafute zoezi la wiki. Nikatafuta mpaka chai ikapoa, nisilione. Tangu hapo, kabla ukurasa haujafunguliwa kwa wanafunzi, nilipitishwa mimi kwanza, na wahadhiri wakazoea kuniuliza mlangoni, "Farida, leo umepotelea wapi?" Nawaonyesha, wanacheka, wanarekebisha.

Mwalimu Gozbert hakuwahi kuniuliza. Ukurasa wake aliufungua mwenyewe bila kupitia kwetu, nao ulitufikia akiwa ameshazikwa kijijini kwake, Kanazi.

Alifundisha magonjwa ya migomba. Somo lake lote lilikuwa picha, na kila picha ina sauti yake aliyojirekodi shambani kwake. Nyuma ya sauti unasikia majani yakichanwa na upepo, unasikia na kikohozi. Anasema, "Tazameni hapa." Ananyamaza. Halafu anasema, "Ndiyo," kama mtu aliyejibiwa, kisha anaendelea. Kila picha ni hivyo. Mimi niliona majani, shina, mkono umeshika kisu. Hapo anapotuonyesha ni wapi, sikujua.

Elieth hakuona hata hayo. Ni binti wa Muleba, haoni tangu utotoni, na anasoma kwa simu inayomtamkia maandishi. Kwenye ukurasa ule simu ilimwambia tu: picha, picha, picha. Alishaanguka somo hilo. Akianguka na mtihani wa marudio, chuo basi, anarudi nyumbani. Na mtihani wenyewe marehemu alikuwa ameshautunga, kutokana na picha hizohizo.

Dokta Alexander, aliyerithi somo, alikaa nasi asubuhi nzima akituandikia maneno ya kuweka chini ya kila picha, ili simu ya Elieth ipate cha kusoma. Nyingine zilimkwamisha. Akasema picha moja ina dalili kadhaa, naye hajui mwenzake alikuwa ananyooshea ipi. Ya mwisho ilimshinda kabisa. Ilikuwa mgomba mbichi, mzuri, hauna doa. Gozbert anasema, "Na hapa, tumechelewa." Kimya. "Ndiyo."

Ile sauti ikaanza kunifuata. Niko nyumbani Hamugembe, mchana kweupe, naosha masufuria, upepo ukipita kwenye migomba nyuma ya jiko nasikia: hapa. Nageuka. Mama akaniuliza naangalia nini, nikasema kuku. Lakini neno lenyewe halikunitisha sana. Kilichonitisha ni ukimya unaofuata. Haukuwa mtupu. Nilihisi yumo mtu anajibu, ila sisi hatumsikii.

Nikarudi kuutazama ule mkono wa pichani. Ulikuwa na pete ya ndoa, mkono wa mwanamke. Nikamwita Shamsa.

Kesho yake tulipanda bodaboda mpaka Kanazi. Mjane, Mama Benigna, alitupokea vizuri, akatutandikia mkeka uwani, akatuletea ndizi. Shamsa alimweleza habari ya Elieth. Mama Benigna akatuambia kwamba siku za kurekodi walikuwa wote shambani. Mume anauliza, yeye anajibu, kwa sababu mume aliona akifundisha peke yake anaonekana kichaa. Baadaye yeye Mama Benigna akajisikia aibu. Alisoma shule ya msingi tu, Kiswahili chake kimejaa Kihaya, hakutaka wanafunzi wa chuo wamcheke.

"Nikamwambia anitoe kwenye rekodi," alisema. "Akanitoa."

Shamsa akamwomba ajibu upya, tumrudishe mlemle alimotolewa. Mama Benigna akamtazama kama aliyetukanwa.

"Bojo," akasihi kwa Kihaya, "unataka niongee na maiti?"

"Mama, mtoto atafukuzwa chuo," Shamsa akasema taratibu.

Nikadhani ametukatalia. Aliinuka, akaingia ndani, akakaa huko. Alipotoka alikuwa amefunga kitenge kingine, kile cha kutokea. Akasema tuanze.

Tukamwekea kila picha. Sauti ya mumewe ikisema hapa, namwona anashtuka, halafu anajibu: hapa ni jani limeanza njano pembeni, hapa nimekata shina, linatoa usaha. Alikuwa mwepesi. Mara moja alitabasamu, akasema siku hiyo walikuwa wamegombana, ndiyo maana mkono umekaa vile.

Picha ya mwisho akaniambia nisimamishe.

"Huu tuliukata palepale," akasema. "Aliniuliza nikajibu, kwa macho ni mzima, ugonjwa umo ndani. Akasema ndiyo. Alikuwa ananiangalia mimi, si mgomba." Akavuta pindo la kitenge. "Alikuwa ameshapewa majibu ya hospitali. Mimi nikadhani tunaongea habari za ndizi."

Shamsa alimwambia jibu la picha hiyo tunaweza kuliandika tu, si lazima alitamke. Akakataa. Akalitamka mara moja tu.

Ofisini Shamsa akaziunga zile sauti. Nikajaribu ukurasa kama kawaida yangu. "Na hapa, tumechelewa," akasema Gozbert. Mkewe akajibu. "Ndiyo," akasema Gozbert, polepole, naye sasa alikuwa amejibiwa kweli. Nikavua spika za masikioni. Shamsa aliniuliza nimepotea wapi, nikamwambia sikupotea popote, nikatoka nje kusimama juani.

Elieth alifanya mtihani akisomewa maswali na msimamizi, naye anajibu kwa mdomo, yanaandikwa. Tulikuwa tunamngoja mlangoni. Alituambia swali la mwisho lilikuwa la ile picha ya mgomba usio na doa. Alijibu vilevile alivyosikia kwa Mama Benigna, kisha akatulia, anasubiri. Msimamizi akamuuliza kama amemaliza. Hakumjibu. Alikuwa anasubiri lile "ndiyo" la Mwalimu, na halikuja, chumba kizima kimya.

"Nikaogopa nimekosea," alisema. "Yeye huwa hachelewi kuitika."

Alifaulu. Shamsa ndiye aliyempigia Mama Benigna kumpa habari, nami nilikuwa pembeni nasikia. Mama akashukuru, akauliza kama ule ukurasa sasa utafungwa. Shamsa akamjibu kwamba muhula ukiisha kurasa zote hufungwa, ila akitaka tutamwekea sauti zile kwenye simu yake. Tukangoja. Upande wa pili palikuwa na upepo tu na majani, mpaka Shamsa akadhani simu imekatika.

"Hapana," akasema Mama Benigna. "Nilishamjibu."