Aliyeziba Mfereji

"Aliyeziba mfereji, na azibwe pua!" Mama Pindo alipaza sauti.

"Azibwe!" wakazi waliokuwa na majembe wakaitikia huku wakicheka.

Hiyo ndiyo iliyokuwa dua yake kila mkutano wa mtaa. Na alikuwa na haki, jamani! Mvua ikinyesha tu, maji machafu yaliingia majumbani bila hodi. Mjukuu wa bibi jirani alilazwa juzijuzi kwa kuharisha, nusura wampoteze. Mama Pindo, fundi wa kushona, ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba akiwaambia watu, "Tukingoja wakubwa tutaota magamba."

Tangu asubuhi walikuwa wakiufukua mfereji wa zamani kutoka bondeni, wakiufuata kupanda juu. Ulikuwa mkavu kote. Sasa sururu ya mwashi ikagonga kitu kigumu. Akainama, akachungulia, kisha akamtazama Mama Pindo. Hakuwa akicheka tena.

"Shemeji," alisema, maana marehemu mume wa Mama Pindo alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. "Mfereji umeingia chini ya kibaraza chako."

"Kwani hautokei upande wa pili?"

"Hautokei. Umejazwa zege."

"Acha utani wako, bwana!"

Lakini alipiga magoti, akaingiza mkono. Zege. Zege tupu, limeshindiliwa kwa mawe. Mungu wangu! Kibaraza hicho mumewe alikijenga kwa mikono yake mwenyewe, wakati yeye ana mimba ya kwanza, akamwambia, "Hapa utashona hadi uzeeni, mke wangu." Na kweli cherehani ilikaa hapo, ikalea watoto watatu, ikawasomesha.

"Kumbe miaka yote hii..." mtu alianza, akanyamazishwa.

Mwashi akajikohoza. "Tunaweza kuupindisha, shemeji. Upite huku pembeni, kibaraza kibaki."

"Huku pembeni ni kwa nani?"

Macho ya watu yakageukia nyumba ya pili. Bibi jirani alikuwa amesimama mlangoni kwake, mjukuu mgongoni, akitazama chini.

"Iondoeni cherehani," Mama Pindo akasema. Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine.

Wanaume wawili wakaibeba na kuiweka barabarani, juani. Yeye akaomba nyundo. Pigo la kwanza lilimrudi mikononi, akalia kwa sauti bila kuona haya, akapiga tena. Mwashi akaja kumsaidia, na wengine, mpaka zege likapasuka na maji meusi yaliyokuwa yametuama nyuma yake yakabubujika, yakashuka kuelekea bondeni.

Hakuna aliyeshangilia.

Mama Pindo alijikuta upande wa nyumba yake, mfereji wazi mbele ya miguu yake, hana pa kukanyaga. Ng'ambo, bibi jirani alikuwa amesogea, akamnyooshea mkono.

"Vuka, mwanangu."

Mama Pindo akautazama ule mkono.