Maroa Alivyosimamisha Bendi

Wivu wa Maroa ulianzia getini. Walikuwa wametoka Migori mchana, yeye na Caren, kuja Homa Bay kusikiliza bendi ya vijana wanaopiga roki yao wenyewe, na tiketi alinunua Maroa kwa hiari yake, hakulazimishwa na mtu. Sasa pale getini mwimbaji wa bendi, Byron, akatokea na gita mgongoni, akamkumbatia Caren na kumwita "Nyar Kendu", yaani binti wa Kendu Bay. Maroa akapewa mkono. Mkono tu.

Ukweli usemwe, Maroa alikuwa mtu mwema. Alikuwa na duka la rangi pale Migori, hanywi, hagombani na mtu, na mwezi wa nne wazee wake wa Kikuria walikuwa wapeleke ng'ombe wa mahari kwa kina Caren. Lakini ukimweka karibu na mwanamume anayejua kuimba, akili zinamruka. Caren alikuwa amemwambia wazi kwamba yeye na Byron waliimba kwaya moja tangu shuleni. Maroa alilala na habari hiyo wiki nzima hadi ikaota pembe.

Bendi ilianza saa moja, kwenye uwanja wa hoteli. Magita yakaunguruma, dramu zikagonga watu vifuani, na Caren hakukalia kiti hata dakika moja. Alisimama akaimba kila neno. Nyimbo zote zilikuwa za Dholuo, lugha ya Waluo, na Dholuo ya Maroa ilikuwa ya dukani: bei, lita, karibu, rudi kesho. Nyimbo zenyewe hazijawahi kutoka popote, hata redioni hazijapigwa. Caren alikuwa amezijulia wapi? Alipomuuliza, Caren alicheka, akamwambia asubiri, ataambiwa leo leo. Mtu mwingine angesubiri. Maroa alichosikia ni kwamba kuna jambo la kuambiwa.

Wimbo wa sita ulikuwa wa polepole. Byron aliuimba akimtazama Caren, tena si kwa wizi, waziwazi kabisa, na Caren akawa anamwitikia kwa kichwa huku machozi yakimlengalenga. Marafiki wawili wa Caren waliokuwa mbele wakageuka, wakamtazama Caren, wakamtazama Maroa, wakanong'onezana na kutabasamu. Basi ndio wananicheka, Maroa akajiambia. Wivu ukampanda hadi masikio yakawa moto. Alimchukia Byron, akalichukia gita lake, akayachukia hata mashavu ya Caren kwa jinsi yalivyolowa.

Sasa, kule Migori alikuwa ameona mara nyingi jinsi Waluo wanavyofanya kwenye ngoma zao za ohangla. Mtu anaitunza bendi, muziki unasimamishwa, anapewa maikrofoni, anajisifu yeye na kwao na mpenzi wake mpaka aridhike, kisha muziki unaendelea. Wenyewe wanaita pakruok. Maroa hakujua kwamba roki haisimamishwi hivyo, na hata angejua asingejali. Akapenya hadi mbele, akaweka noti juu ya spika, akanyoosha mkono. Mpiga dramu alikuwa amelelewa kwenye ohangla ya baba yake. Mikono ikasimama yenyewe kwa mazoea. Besi nayo ikanyamaza. Byron akabaki na neno mdomoni, na kwa heshima akatoa maikrofoni.

"Naitwa Maroa, mtoto wa kule Kehancha," Maroa akasema, sauti ikitetemeka kwenye spika zote. "Huyu Caren ni wangu. Ng'ombe ziko tayari. So huyu jamaa wa gita atafute msichana wake wa kuimbia, aachane na wa wenyewe."

Alitegemea vigelegele, maana kwenye ohangla huwa vinapigwa. Hakikupigwa hata kimoja. Mtu mmoja kule nyuma alianza kucheka, akajizuia.

Byron akashuka jukwaani, akaishusha ile maikrofoni mkononi mwa Maroa isinase maneno yao. "Brathe," akamwambia taratibu, "mimi naimba tu. Hizi nyimbo zote ameandika Caren. Na hii ni yako. Tulikuwa karibu kumwita apande aimbe verse ya mwisho."

Caren alikuwa ameshafika. Uso wake haukuwa na hasira ambayo Maroa aliizoea, ile ya kupita kabla ya chakula.

"Hiyo verse ya mwisho niliandika na Kiswahili, ndio uelewe," akasema. "Jina lako liko ndani. Nilitaka uisikie mbele ya watu, kabla ya hizo ng'ombe kuja."

"Sikujua, Caren."

"Nilikuambia usubiri."

Maroa akaanza kuomba msamaha, akachanganya maneno, akamsihi warudi nyumbani wakayaongee. Caren akaitoa maikrofoni mkononi mwake polepole, akapanda jukwaani. Hakujisifu. Alimpa mpiga dramu ishara, na wimbo ukaendelea pale ulipokatizwa.

Ubeti wa mwisho aliuimba kwa Dholuo, wote. Alikuwa akiugeuza palepale kutoka Kiswahili, maana mara mbili alisita akitafuta neno, akalipata. Maroa alisimama chini ya spika akilisikilizia jina lake kwa umakini wa mtu anayengoja kuitwa hospitalini. Halikuitwa. Watu walianza kushangilia, kisha wakatulia, na dada mmoja kando yake akapangusa macho kwa kiganja. Maroa akamuuliza anasema nini. Dada yule akamtazama kwa huruma, akamwambia amuulize mwenyewe.

Uwanja mzima ulikuwa umeelewa, hadi muuza chipsi, na Maroa akawaonea wivu wote.