Fundi Viatu Hayumo Kwenye Orodha

"Wifi, programu yako itaniulia mtu!"

Mama Pacha aliacha kuandika. Programu aliyoiandikia zahanati ilianza kazi asubuhi hiyo hiyo, na alikuwa na hakika nayo kama alivyo na hakika na mikono yake. "Nani?"

"Fundi viatu, anangoja sindano. Penisilini iliwahi kumvimbisha uso mpaka macho yakafumba, na kwenye orodha yako ya wasiochomwa penisilini hayumo. Bahati yake namkumbuka. Nimemzuia."

Nesi huyu, mke wa kaka yake, si mtu wa kupiga kelele bure. Mama Pacha akafungua faili. Maelezo yalianza hivi: Penisilini humdhuru, asichomwe.

"Nani kaandika?"

"Mimi. Hatari naitaja kwanza. Si kama mwenzangu wa zamu ya mchana, yeye mpaka akusimulie ukoo mzima."

Hapo akaelewa. Ukiiuliza kompyuta neno liko wapi ndani ya maandishi, inakujibu kwa namba ya mahali linapoanzia, nayo huanza kuhesabu na sifuri. Neno lisipokuwepo, inajibu hasi moja. Yeye aliiamuru hivi: tafuta neno penisilini katika maelezo ya kila mgonjwa; jibu likizidi sifuri, mgonjwa aingie kwenye orodha. Basi kila ambaye hatari yake iliandikwa mwanzoni kabisa alipata sifuri, akaachwa nje.

"Umeandika vizuri," alisema. "Mimi ndiye nimeboronga."

"Rudia, nimwite kaka yako asikie."

"Baadaye. Wangapi wameshachomwa leo?"

"Watatu."

Alifuta sifuri, akaweka hasi moja. Orodha ikapanda kutoka watu thelathini na mmoja hadi hamsini na wanane. Nesi akataja yale majina matatu, naye akapitisha kidole juu mpaka chini, mara mbili. Hakuna hata mmoja.

Hakukaa kujipongeza. Alichapa orodha, akaenda mwenyewe chumba cha sindano, akaibandua ile iliyobandikwa ukutani asubuhi na kuichana mbele ya daktari. "Fuata hii. Nimeihakiki."

Fundi viatu alichungulia mlangoni. "Jamani, sindano yangu vipi?"

"Hakuna sindano. Utapewa vidonge vya aina nyingine," nesi alimwambia.

"Afadhali! Nilikuwa nimejikaza bure."

"Endelea kujikaza, baba. Ni vichungu hivyo!"