Kelele za Kumlaza Chepchumba

Mtu akiniambia tena kwamba mtoto mchanga hulala kutwa nzima, nitamtupia kikapu. Chepchumba wangu halali. Akilala ni kwa kuiba, na mtu akikohoa tu mstari wa tatu wa shamba, macho hayo, wazi. Kisha analia. Si kilio cha njaa wala cha tumbo, hivyo navijua. Ni kilio cha mtu aliyedhulumiwa na anayetaka majirani wote wajue.

Ningekuwa wa kukaa nyumbani, ningevumilia. Lakini kampuni kubwa niliyokuwa nikichunia majani ya chai ilileta mashine, ikatuaga, na sasa nachuna kwa mkono kwenye shamba la Mzee Mbuthia, juu kidogo ya Kapsoit. Mzee hana ubaya, ila hapendi kelele. Siku ya kwanza aliniita mbele ya wenzangu.

"Mama Chep, huyu mtoto akinyamaza, utachuna hapa mpaka uzeeke. Akitusumbua, usikuje tena."

Hapo ndipo kazi yangu iliposimama: kwenye koo la mtoto. Nilikuwa nikimlaza mwisho wa mstari, juu ya shuka, chini ya mwavuli. Nikichuna kidogo, analia, nakimbia. Nikirudi, analia, nakimbia tena. Wachunaji hulipwa kwa kilo, na kilo hazichunwi kwa miguu.

Nikampeleka zahanati. Sister Akello alimpima, akamgeuza huku na huku, akasema mtoto hana ugonjwa wowote.

"Umejaribu white noise?" akaniuliza. "Kule tumboni hakukuwa kimya, mama. Alizoea makelele. Kimya ndiyo inamuogopesha. Muwekee kwa simu sauti ya mvua, ama mto, ama feni. Lakini sauti iwe ndogo, na simu ikae mbali na masikio yake."

Nilimsimulia Joan, ambaye huchuna mstari ulio karibu na wangu na ananizidi umri kiasi cha kunizaa.

"Ati kelele nyeupe?" akasema. "Kelele iko na rangi?"

"Ndivyo sister alisema."

"Basi ya huyu lakwet, huyu mtoto wako, ni nyeusi tititi."

Nilicheka bila kutaka. Kesho yake nikaweka simu kando ya mwavuli, nikachagua mvua. Kumbe niliisahau sauti kwenye kiwango cha juu. Sijafika hata katikati ya mstari, mtu akapiga kelele, "Mvua!" Wanawake wote wakainua vikapu wakatimua mbio kuelekea bandani, kwa sababu majani yakilowa karani wa kituo cha kupimia majani hukata kilo bila huruma. Hata Joan alikimbia, na kelele nyeupe alikuwa ameshaelezwa. Ukizaliwa Kericho, mvua ikilia miguu yako haingoji ruhusa ya kichwa.

Mzee Mbuthia akatoka nyumbani na gambuti zake, akatazama juu. Mbingu ilikuwa safi kabisa. Akatutazama sisi tuliojibanza bandani.

"Mvua iko wapi?"

"Ni ya simu, mzee," nikasema.

"Ya simu." Alilitamka kama mtu aliyeonja maziwa yaliyoharibika. "Mama Chep, kesho ndiyo mwisho. Nikimsikia tena kesho, tutaachana."

Na hiyo mvua yenyewe haikumlaza. Alilia kwa mvua, akalia kwa mto. Feni ndiyo ilimkasirisha zaidi, na simlaumu, kwani nani alihitaji feni kwa baridi hii yetu? Nilichoka mpaka nikamkasirikia mtoto asiyejua lolote, kisha nikajichukia kwa kumkasirikia. Nilimuuliza kwa sauti, kama kichaa, "Unataka nini? Sema tu unachotaka!"

Kesho yake Chepchumba alianza kulia kabla sijafunga kiunoni nailoni ya kukinga umande. Mzee Mbuthia alikuwa anakuja na mpwa wake Nganga, wamebeba kitu kilichofunikwa kwa gunia. Nikajua nimekwisha. Lakini mzee hata hakunitazama. Walikitua kile kitu juu ya majani, wakaondoa gunia, kumbe ni mashine ya kuchuna, Nganga akavuta kamba ya kuiwasha.

Mlio ukapanda shamba zima. Mtoto akanyamaza papo hapo.

Nilidhani amepaliwa. Nilikimbia nikijikwaa kwenye mashina, nikainua mwavuli. Alikuwa amelala. Mdomo wazi, ngumi zimefunguka, usingizi mzito ambao sijawahi kumwona nao tangu azaliwe. Hapo nikaelewa. Ujauzito ulipokuwa mkubwa, nilishinda kwenye nyumba za kampuni nikingoja kuachishwa kazi, na mashine za kuchuna zilipita chini ya dirisha langu asubuhi mpaka jioni. Mimi nilikuwa nikizilaani. Yeye, kumbe, zilikuwa zinambembeleza. Hasira iliyonipanda sikujua nimwelekeze nani.

Mzee na Nganga waliishika mashine huku na huku, mfuko ukiburutika nyuma, wakamaliza mstari mzima Joan akiwa bado amesimama na majani mawili mkononi. Kisha mzee akaashiria izimwe, akakohoa.

"Akina mama, nimeona kwamba kuanzia leo..."

Chepchumba akaangua kilio. Hakijawahi kutoka kilio kama hicho.

"Nasema, kuanzia leo..."

Hakuna aliyesikia. Mzee akamwashiria Nganga, mashine ikawashwa, mtoto akalala. Mzee akaendelea kusema, midomo ikicheza, nasi hatusikii kitu. Joan akaweka mkono sikioni, "Ati?" Ikazimwa, kilio. Ikawashwa, usingizi. Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini.

Mwishowe mzee alichoka. Aliiacha mashine ikinguruma, akainua vidole viwili, akajielekeza kifuani, akamwelekeza Nganga: wawili wanatosha. Kisha akatupungia mikono kuelekea barabarani, polepole, kama mtu asiyetaka ugomvi anayefukuza kuku wa jirani. Akaviunganisha viganja kutuomba radhi. Joan akaweka chini yale majani yake mawili.

Nikamfunga Chepchumba mgongoni, hakustuka hata kidogo. Tukateremka sote, na mlio ukawa unapungua nyuma yetu. Tulipofika barabarani ukapotea kabisa, naye akaamka, akavuta pumzi, akaanza kile kilio chake cha mtu aliyedhulumiwa. Wenzangu walinitazama wakingoja nifanye kile ninachofanya siku zote. Niliendelea kutembea, na sikumnyamazisha.