Kifutu Ndani ya Gunia

Maneno yale Suzan aliyapata penye pampu ya maji, mtaani Gurei, pembezoni mwa Juba, siku ambayo foleni ya madumu ilikuwa imejipinda mpaka nje ya uzio. Ayom, mwanamke aliyejua kila msiba kabla ya wenye msiba, alikuwa akisimulia kwamba mtoto mmoja wa mtaa wa New Site aliumwa na nyoka, akakimbizwa hospitali, akarudishwa getini.

"Wakauliza, nyoka mwenyewe yuko wapi? Hakuna nyoka, hakuna sindano. Mtoto akakata roho pale pale, mikononi mwa babake."

"Mtoto wa nani?" Suzan aliuliza.

Ayom akapandisha mabega. "Wa watu."

Suzan alirudi nyumbani na dumu kichwani na mtoto yule moyoni. Akimenya mihogo, alimwona. Akifua, alimwona amelala getini, mdomo wazi. Mtu mwingine angesema ni porojo za foleni. Lakini Suzan alikulia katika kambi ya wakimbizi, Uganda, akasomea huko hadi darasa la sita, na somo lililomkaa kuliko yote hakulipata darasani: anayefika mezani mikono mitupu hurudishwa. Bila kadi hakuna unga. Bila muhuri hakuna kadi. Hospitali nayo ingekosaje kudai ushahidi wake?

Februari, jua lilipoifunika Juba kama mfuniko wa chungu, alikwenda kukata nyasi za kuezekea. Alimchukua Rejoice, bintiye wa miaka tisa, na Lagu mwendesha boda akawapakia hadi mbali nje ya Gurei, kwenye barabara ya vumbi wanayopita ng'ombe wakienda na kutoka kambi zao za malisho. Lagu, aliyelelewa Kakuma na kurudi na Kiswahili cha Kenya, alilaza pikipiki kivulini akajilaza na yeye.

"Mathe, mkimaliza niamsheni. Msiniamshe kwa maneno, niamsheni kwa soda."

Rejoice alicheka mpaka akaangusha mzigo wake. Aliinama kuuokota. Kisha akasema, kwa sauti ya kushangaa tu, "Mama, kitu kimenichoma."

Matundu mawili, juu kidogo ya kifundo cha mguu. Suzan aliwahi kuuona mkia ukizama kwenye nyasi: mnene, mfupi, rangi ya vumbi lenyewe. Kifutu. Alichukua kamba ya kufungia nyasi akaufunga mguu chini ya goti, akaikaza kwa meno.

Lagu alikuwa tayari amewasha pikipiki. "Panda, mathe! Nusu saa tuko mjini."

"Nyoka kwanza."

"Nyoka wa nini?"

"Bila nyoka hawampi sindano. Unataka anifie getini?"

Lagu hakuwa na mtoto, naye Suzan alikuwa na uso wa mtu asiyebishika. Alizima pikipiki. Ukimya uliofuata Suzan angeusikia maisha yake yote, ila wakati ule aliusikia kama kukubaliwa.

Walimlaza Rejoice chini ya mkwaju, na dumu la maji kando yake. Kifutu hutambaa moja kwa moja, akiacha mchirizi ulionyooka kama kamba iliyoburutwa, na mchirizi huo waliuona vumbini, ukivuka barabara. Wakaufuata, Suzan na panga, Lagu na fimbo, wakipekua kila kichaka cha kando, kila kichuguu, kila shimo. Chini ya viatu vya plastiki ardhi iliunguza kama kikaango.

"Mama, tafuta pale penye kinyesi cha ng'ombe!" Rejoice alipaza sauti kutoka kivulini. Kwake ulikuwa bado mchezo. "Umempata?"

"Bado, mwanangu. Karibu."

Lagu alipiga kelele, fimbo ikashuka mara tatu. Akainua nyoka mwembamba, wa kijani. "Huyu hapa!"

"Si huyu. Yule alikuwa mnene."

"Mathe, nyoka ni nyoka. Tumpeleke huyu, twende."

"Na wakimpa dawa ya nyoka mwingine?"

Waliendelea. Kundi la ng'ombe likaja na vumbi lake, pembe ndefu zikiyumba, likaukanyaga mchirizi ukapotea. Mchungaji, kijana aliyejipaka majivu usoni, aliyeitwa Ater, aliwauliza kwa Kiarabu cha Juba wamepoteza nini. Lagu akamweleza. Ater aliutazama mkwaju, akamtazama Suzan.

"Watu wa mjini! Mtoto yuko pale na ninyi mnamtafuta nyoka? Nyoka atapotea wapi? Hii ni nchi yake."

"Wewe unajua ng'ombe," Suzan alimjibu. "Hospitali huijui."

Ater akasonya na kuondoka na ng'ombe wake.

Ilipofika saa tano Rejoice alikuwa haulizi tena. Suzan alikwenda kumnywesha maji, akaona mguu umevimba kama gogo, kamba imezama nyamani isionekane. Ufizi ulikuwa na damu. Mtoto alisema, "Twende tu, Mama." Na Suzan, kwa kuwa hofu yake ilikuwa imemwonyesha lile geti waziwazi zaidi kuliko alivyouona mguu, alisema, "Tukimpata tu."

Saa sita na nusu walimpata, amejikunja kwenye kalvati, akifoka. Suzan alimkata kichwa mwenyewe. Alimwinua kwa mkia akapiga kigelegele, kigelegele hasa, kama cha harusini. Baadaye adhabu nyingine zote angezivumilia. Furaha ile ndiyo hakujua aipeleke wapi.

Hospitalini hakuna aliyewazuia getini. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya kuchoka, aliinama juu ya mguu, akaikata ile kamba polepole kwa mkasi, akauliza kilichotokea ni saa ngapi.

"Saa tatu asubuhi." Suzan alifungua mezani gunia alilomtia nyoka. "Nyoka huyu hapa, daktari. Ndiye. Nimemwona kwa macho yangu."

Daktari hakutazama ndani. "Funga hilo, mama. Mguu umeshatuambia." Alimwita nesi, wakachanganya dawa, wakatundika dripu. Dawa ilikuwapo. Ilikuwapo tangu saa tatu, ndani ya friji, hatua kumi kutoka getini.

Suzan alibaki ameshika mdomo wa gunia kwa mikono miwili. Hakuna aliyemwambia aliweke wapi.

Rejoice alifariki siku ya tatu, wakati wanawake wa wodi wakinywa chai ya asubuhi. Walimzika upande wa kwao. Lagu alikuja, akakaa mwisho wa mkeka, na tangu siku hiyo hupitisha pikipiki yake njia nyingine.

Baada ya wiki nne Suzan alichukua daftari la mtoto, akafungua upande ambao haujaandikwa, akaandika aliyoelezwa na nesi wodini, akaenda dukani kwa Abdisalan, Msomali wa sokoni Gurei, kumwomba ukuta wa kubandikia karatasi. Abdisalan alisoma mistari ya kwanza, akavua miwani, akampa kalamu nene ya kuandikia maboksi.

"Andika kwa herufi kubwa, mama. Watu wa hapa wanasoma huku wanatembea."

Akaanza upya, mkono ukienda taratibu kama wa mtoto wa shule:

MTU AKIUMWA NA NYOKA
Usifunge kamba.
Usichanje. Usinyonye damu.
Usiweke jiwe jeusi wala majani.
Usimwache atembee.
Usimtafute nyoka. Hawamhitaji.
Usiseme ngoja.
Akifa, usimwulize mama yake alikuwa wapi.